Mjumbe Hauawi, Ila Huandikiwa Barua ya Kujieleza

Hoja ni fupi: anayeleta habari mbaya kuhusu mfumo wa kompyuta asikilizwe kwanza, mengine yafuate. Itamke mbele ya watu wa TEHAMA hapa Dodoma na kila mmoja atatikisa kichwa kukubali. Kisha waulize ni nani kati yao amewahi kuipeleka habari ya namna hiyo kwa mkubwa wake, wataanza kutazama simu zao.

Sauti tano zilizomo humu nimezisuka mwenyewe kutokana na mabishano ya korido za wizara kule Mtumba, vibanda vya chipsi vya Ng'hong'hona na foleni za mawakala wa fedha. Yupo Afisa TEHAMA wa halmashauri moja ya mkoani, Mhadhiri wa usalama wa mifumo tunayemwita Daktari, Mkaguzi mstaafu mzaliwa wa Kongwa, Mwanafunzi wa mwaka wa tatu, na Mama mwenye kibanda cha uwakala Sabasaba. Mimi kazi yangu ni kuchokoza.

Mahali pa kubishania ni hapahapa. Dodoma ilitangazwa makao makuu ya nchi mwaka 1973, lakini wizara zilianza kuhama kwa kishindo 2016, na mifumo ya Serikali ikahama nazo. Mamlaka ya Serikali Mtandao iko hapa. Chuo Kikuu cha Dodoma kinatoa shahada ya usalama wa mtandao na uchunguzi wa kidijitali. Na mwaka 2024 Shirika la Mawasiliano Duniani, ITU, lilipopanga nchi kwa utayari wa kujilinda mtandaoni, Tanzania iliwekwa daraja la kwanza pamoja na Kenya, Rwanda na Misri. Sifa hiyo ni ya haki. Ila kinachopimwa pale ni sheria, vyombo, mafunzo na ushirikiano. Hakuna kipimo cha kujua kama karani wa masjala anaweza kusema "jamani, nimebofya kitu" na usiku akapata usingizi.

AFISA: Nianze mimi, kwa sababu ndiye ninayeamshwa. Kwenye halmashauri mtu wa TEHAMA ni mmoja, wakibahatika wawili. Printa ikigoma, niitwe. Projekta ya kikao cha madiwani, niitwe. Mashine ya POS ya mkusanya ushuru mnadani, niitwe. Mfumo wa hospitali ukilala, foleni nzima ya dirisha la dawa inanitazama mimi. Halafu kwenye karatasi ya majukumu yangu, mstari wa mwisho kabisa, imeandikwa "kusimamia usalama wa taarifa". Siku likitokea la kutokea, ule mstari wa mwisho ndio unaosomwa wa kwanza.

MIMI: Na hilo limekufundisha nini?

AFISA: Kunyamaza. Nakuta akaunti ya mtumishi aliyehamia Singida miaka miwili iliyopita bado inaingia kwenye mfumo. Nikiripoti, swali la kwanza ni "kwa nini hukuifunga?" Basi naifunga kimyakimya. Nani aliitumia kwa miaka miwili hiyo, alitazama nini, alibadilisha nini, hatutajua, maana kuuliza ni kujichongea. Na lile jingine mnalijua wote. Mkubwa hana muda wa kuingia kwenye mfumo, neno lake la siri analo katibu muhtasi. Katibu muhtasi akienda likizo linashuka kwa kijana wa mafunzo kwa vitendo. Mnataka nimwendee mkubwa nimwambie wewe ndiye tundu?

MKAGUZI: Pole, mwanangu. Lakini mimi sitakubali upesi hivyo. Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa hesabu za Serikali, CAG, zimesema mwaka baada ya mwaka: fedha zimekusanywa kwa POS, benki hazikufika. Ukimbana mhusika utasikia mashine iliharibika, mtandao ulikata, nilibofya vibaya. Leo mnataka tuandike kwamba anayesema "nilibofya vibaya" asiguswe? Mnamwandikia mwizi utetezi kabla hajaiba. Na hiyo barua ya kujieleza mnayoilalamikia si adhabu. Ni haki ya mtu kusikilizwa.

AFISA: Mzee, haki ya kusikilizwa inayoishia na "kwa nini usichukuliwe hatua za kinidhamu"?

Mkaguzi alicheka, maana barua za mtindo huo amezisoma nyingi, na huenda nyingine alizisababisha yeye. Lakini hoja yake isipitwe haraka. Wapenzi wa hoja hii, nami nikiwemo, hupenda kuzungumza kana kwamba kila kosa ni la bahati mbaya. Katika nchi ambayo ushuru wa mazao umewahi kupotelea mifukoni, anayedai msamaha lazima aeleze msamaha huo unaishia wapi.

MHADHIRI: Naomba niueleze mpaka huo, ila kwanza nionyeshe kwamba tabia ya kutafuta mtu wa kumtwisha mzigo si yetu peke yetu. Mwaka 2017 kampuni ya Equifax ya Marekani iliibiwa taarifa za watu wapatao milioni 147. Aliyekuwa mkurugenzi wake mkuu akasimama mbele ya wabunge akasema mtu mmoja katika idara ya teknolojia hakufikisha ujumbe kwamba kiraka kiwekwe. Mtu mmoja! Mwaka 2021 wakubwa wa kampuni ya SolarWinds, walipoulizwa kuhusu neno la siri "solarwinds123", wakamwelekezea kidole mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo. Ikiwa kampuni ya ukubwa ule inaweza kuvuliwa nguo na mwanafunzi, basi tatizo liko kwa waliompa funguo na hawakurudi kutazama.

MKAGUZI: Haya, mpaka sasa.

MHADHIRI: Mpaka umewekwa zamani na watu wa ndege. Tangu 1976 rubani wa Marekani akikosea angani huandika taarifa na kuipeleka NASA. Haipeleki kwa mamlaka ya usafiri wa anga, ile yenye uwezo wa kumnyang'anya leseni. NASA huondoa jina lake kabla taarifa haijatumika kufundishia wengine. Akiandika ndani ya siku 10, na kosa halikuwa la makusudi, wala si jinai, wala si ajali, mamlaka haimwadhibu. Angalia hapo, Mzee: mwizi hana nafasi. Anayekaa kimya hadi akamatwe hana nafasi pia. Aliyewahi kusema ndiye anayelindwa, na lile kosa lake linageuka somo la marubani wote.

MIMI: Na kwetu, nani atakuwa NASA?

Hapo Daktari alinyamaza, nami namwelewa. Tuhesabu masikio yaliyopo. Kitengo cha kushughulikia matukio ya usalama wa kompyuta, TZ-CERT, kiko ndani ya Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ambayo ndiyo inayotoa leseni na kutoza faini. Mamlaka ya Serikali Mtandao, kwa sheria ya 2019, hutengeneza mifumo, huweka viwango na huwafuatilia wanaovikiuka. Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyozinduliwa Aprili 2024, ndiyo inayopaswa kuarifiwa bila kuchelewa taarifa za watu zinapovuja, nayo pia ina uwezo wa kutoza faini. Kila sikio limeshika fimbo. Sisemi vyombo hivyo ni vibaya. Msimamizi asiye na meno si msimamizi. Nasema mtu mwenye habari mbaya akitazama huku na huku haoni pa kuisemea ambapo anayemsikiliza hana mamlaka ya kumchapa. Katika yote yaliyosemwa kuhusu kulea fani ya usalama wa mtandao nchini, pengo hili ndilo ninaloliona kubwa kuliko uhaba wa vifaa na hata uhaba wa wataalamu.

MWANAFUNZI: Shikamooni wakubwa. Nyinyi mna ajira ya kupoteza. Mimi nina kifungo. Kifungu cha 4 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinasema kuingia kwenye mfumo kwa makusudi na kinyume cha sheria ni kosa. Faini inaanzia shilingi milioni 3, na kifungo hakipungui mwaka mmoja. Sasa niko chumbani, naangalia risiti yangu ya malipo mtandaoni. Kwenye anwani juu kuna namba ndefu. Kwa udadisi nabadilisha tarakimu ya mwisho. Inafunguka risiti ya mtu mwingine, jina lake, simu yake, kila kitu. Nifanye nini?

MKAGUZI: Nani alikutuma ubadilishe?

MWANAFUNZI: Unaona, Mzee? Hilo ndilo swali nitakaloulizwa polisi.

MKAGUZI: Na ni swali zuri! Ukipita kwenye nyumba ya mtu ukakuta mlango umeegeshwa, huingii sebuleni kuhesabu viti ndipo umwite mwenye nyumba.

MHADHIRI: Ila kwenye nyumba hii mwenye viti ni mwananchi, Mzee. Risiti ni yake, na hajui kama mlango uko wazi.

MWANAFUNZI: Nitawaambia wenzangu wanafanya nini. Wachache wananyamaza. Wengi wanapiga picha ya skrini na kuitupa kwenye kundi la Telegram ili waonekane wababe. Hakuna anayemwandikia mwenye mfumo, kwanza anwani ya kumwandikia haipo. Ukurasa wa "wasiliana nasi" una sanduku la posta na simu ya mezani. Kwingine si hivyo: Uholanzi ilitoa mwongozo wa kuripoti mapengo ya usalama mwaka 2013, na kituo chao cha usalama wa mtandao humpa aliyeripoti vizuri fulana yenye maneno ya utani kwamba ameidukua serikali ya Uholanzi akaambulia fulana tu. Wizara ya Sheria ya Marekani mwaka 2022 ilielekeza waendesha mashtaka wasimshtaki mtafiti aliyefanya kwa nia njema. Mimi hata fulana siitaki. Nataka anwani ya barua pepe yenye mtu anayejibu.

MKAGUZI: Na mimi nina mfano wangu, maana msidhani mnasoma nyinyi tu. Mwaka 2016 wadukuzi wawili walichota taarifa za watu milioni 57 wa kampuni ya usafiri ya Uber. Kampuni ikawalipa dola 100,000 kupitia mpango wake wa kuwazawadia wanaoripoti mapengo, na wakasainishwa wafunge midomo. Mkuu wa usalama alitiwa hatiani 2022 kwa kuficha jambo hilo. Zawadi ya nia njema ikageuzwa bei ya kunyamazisha. Mkileta desturi hii hapa bila kuisimamia, kijana atachota kwanza kisha atakuja na bei.

Mwanafunzi hakuwa na jibu la haraka, na sikumsaidia, kwa sababu sina uhakika lipo. Alichosema baadaye ni kwamba mtafiti wa kweli husimama kwenye risiti ya pili, hapakui zote, na taarifa anayoituma huonyesha alisimama wapi, kwa kuwa kumbukumbu za seva zinaweza kumsuta akidanganya. Mkaguzi alipenda neno "kumbukumbu za seva". Akauliza ni halmashauri ngapi zinazozitunza. Afisa akatazama pembeni.

Daktari akataka kusema jambo kuhusu darasa lake. Wasichana wanaingia na alama nzuri, ila ikifika maabara msichana akiuliza swali la msingi vijana wanacheka, na kuanzia wiki ya pili haulizi tena. Huko Kenya wanawake wa fani hii walijiundia jumuiya yao, SheHacks, ili mtu awe na mahali pa kuuliza bila kuchekwa. Anayechekwa darasani, alisema, ndiye atakayenyamaza kazini. Nikaongeza langu, dogo: vipeperushi vyetu vya usalama wa mtandao vyote vina picha ya kijana wa kiume gizani, kavaa sweta la kofia. Dodoma, saa nane mchana wa Oktoba. Sweta!

MAMA: Mmenisahau, lakini fedha mnazozilinda zinapita mkononi mwangu. Nisemeje? Watu wa fani yenu hutuongelesha kama watoto. "Usimpe mtu namba yako ya siri." Sawa. Anakuja bibi kutoka Bahi, macho hayaoni vizuri, kafunga kikaratasi kwenye pindo la khanga, namba ya siri imo. Ananipa simu na kikaratasi, "mwanangu nitolee". Nimfukuze? Mjukuu aliyemtumia yuko Dar es Salaam. Semina nimehudhuria, nimepewa na fulana. Hakuna aliyeniuliza kuhusu bibi.

MIMI: Na matapeli?

MAMA: Ile "hela tuma kwenye namba hii" inakuja kila siku, tumeizoea. TCRA huwa inatoa takwimu, Rukwa na Morogoro zimewahi kuongoza kwa majaribio ya utapeli, na kuna namba 15040 ya kupelekea ujumbe wa tapeli. Naitumia. Lakini mteja aliyekwisha kutapeliwa haitumii. Anaona aibu. Kuna mwalimu aliwahi kupoteza mshahara wake wote, akaniomba nisimwambie hata mumewe. Alipokwenda kulalamika, mtu wa dirishani alimuuliza, "Wewe na elimu yako yote, ulikuwa unafikiria nini?" Hakurudi tena. Sasa tapeli yule yule aliendelea na wengine, kwa sababu anayejua maneno aliyotumia ameambiwa ni mjinga.

AFISA: Nyinyi mawakala mnafanyaje?

MAMA: Tuna kundi letu la WhatsApp. Mtu akipigwa anasema hapohapo: nimepigwa, namba ni hii, sauti ni ya kiume, kajifanya mtu wa makao makuu, kaniambia nibonyeze hivi na hivi. Hatucheki. Leo yeye, kesho mimi. Kabla hajanywa chai, mawakala wa Majengo mpaka Nkuhungu wameshajua.

Nilimtazama Daktari, akanitazama. Fani nzima, yenye shahada, makongamano na vyeti vya dola mamia kadhaa, inatamani kitu ambacho kina mama na vijana wa vibanda wamekwisha kukijenga kwa sababu hasara ni yao na hawana wa kumwandikia barua. Katika kundi lile hakuna bosi, aliyekosea habaki na jalada, na faida ya kusema inaonekana asubuhi ileile.

Mkaguzi, kama kawaida yake, akaharibu sherehe. Namba za simu hubadilisha wamiliki, akasema. Amewahi kuona mtu akitukanwa mtaa mzima kwa sababu laini aliyonunua juzi ilikuwa ya tapeli zamani. Kundi halina wa kumrudishia mtu jina lake. Mama alikiri limewahi kutokea kwao, mara moja, na yule kijana aliacha kuja kibandani kwake.

AFISA: Na tuongeze hili: sisi wenyewe wataalamu tunakiri makosa yetu? Kwa miaka nimewalazimisha watumishi wabadilishe neno la siri kila miezi mitatu. Matokeo yake ni vikaratasi chini ya kibodi, Dodoma1, Dodoma2, Dodoma3. Mwongozo wa Marekani wa 2003 uliosambaza ushauri huo, mwandishi wake Bill Burr alikuja kusema hadharani mwaka 2017 kwamba anaujutia, na mwongozo mpya wa mwaka huohuo ukauacha. Miaka 14! Watumishi walikuwa wakitulalamikia muda wote huo. Tukawaita wavivu.

MKAGUZI: Hilo limenigusa. Nitawaambia kwa nini. Mimi ni wa Kongwa. Mwaka 1946 Waingereza walileta wataalamu watatu, wakazunguka nchi wiki chache, wakaandika kwamba karanga zitalimwa hapa kwa matrekta, ekari zaidi ya milioni 3 ukijumlisha na sehemu nyingine. Shabaha ya mwaka wa kwanza ilikuwa ekari 150,000. Zilizopandwa hazikufika 10,000. Wagogo walijua mvua za kwao, walijua udongo ule ukikauka unakuwa sakafu. Na hata Wazungu waliokuwa shambani waliona majembe ya matrekta yanakatika. Lakini huko juu habari ilichelewa kukubalika, kwa sababu siasa za London zilitaka mafuta ya karanga. Januari 1951 wakafuta, na pauni zipatazo milioni 36 zikiwa zimekwisha. Baba yangu alibaki na mabati yao. Kwa hiyo msinifundishe ubaya wa habari mbaya kutopanda ngazi. Nimezaliwa juu yake.

MIMI: Basi umekubali hoja.

MKAGUZI: Sijakubali. Nimekubali robo tatu. Andikeni kitu, nikione.

Tukaandika, kwenye mgongo wa daftari la Mwanafunzi, ahadi ambayo halmashauri moja tu ingeweza kuibandika kwenye tovuti na kwenye ubao wake wa matangazo. Sentensi ya kwanza ya Mwanafunzi ilisema: ukiripoti pengo kwa nia njema, hutashtakiwa. Mkaguzi akaikata papo hapo. Kushtaki ni kazi ya Mkurugenzi wa Mashtaka, na halmashauri haiwezi kugawa kisicho chake. Daktari akapendekeza: "halmashauri haitapeleka malalamiko polisi dhidi yako". Hiyo ikapita, pamoja na masharti ya kusimama mara uonapo taarifa ya mtu mwingine, kutopakua, na kutodai malipo. Kwa watumishi wa ndani, Mkaguzi alitaka saa 48: atakayesema ndani ya muda huo, na hakupata faida ya fedha, taarifa yake isiingie kwenye jalada lake binafsi. Afisa aliomba saa 72, kwa sababu Kongwa hadi Mpwapwa mtandao una tabia zake. Mama akataka kipengele kimoja tu, kwamba anayepokea taarifa asiulize "ulikuwa unafikiria nini".

Kuhusu sikio lisilo na fimbo hatukuelewana. Mwanafunzi alisema chuo kikuu. Daktari akakataa: chuo kinategemea wizara hizohizo, na taarifa ya kwanza itakayomgusa mkubwa itamaliza uhuru wake. Afisa alitaja Tume ya TEHAMA, ambayo tayari inasajili wataalamu. Mkaguzi akajibu kwamba mwenye rejista ana uwezo wa kukufuta, kwa hiyo fimbo ipo, imefunikwa tu. Mimi ningeanza na chama cha wataalamu wenyewe, kinachoendeshwa kwa michango yao, kipokee taarifa zisizo na majina na kuzichapisha kila robo mwaka. Lakini chama cha namna hiyo kinahitaji watu wanaolipa ada, na hapo wote tulitabasamu.

AFISA: Hii karatasi nitaitengenezea dokezo Jumatatu, niipeleke kwa Mkurugenzi wa halmashauri.

MKAGUZI: Vizuri. Ila usiitume kwa Gmail. Tumia barua pepe ya Serikali.

AFISA: Mzee, hiyo nilisahau neno la siri tangu Machi.